Kutoka Musonoi Kwenda Luano: Abiria Kwenye Barabara ya Shaba

Kolwezi ina uwanja wake wa ndege. Kutoka Musonoi, kitongoji cha wachimba migodi kilicho pembeni mwa mji huo, unavuka mji kwa pikipiki hadi upande wa kusini na umefika. Tiketi yangu haikuanzia hapo. Ilianzia Luano, uwanja wa kimataifa wa Lubumbashi, zinakotua ndege za Nairobi na Addis Ababa, na kati ya Musonoi na Luano kuna kilometa 300 hivi. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, nimekulia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, kwa hiyo habari ya kuwahi ndege huwa siiachii dakika ya mwisho. Nilianza kuulizia njia mapema. Kumbe Musonoi kila mtu ana njia yake ya kwenda Luano, na yuko tayari kuitetea mpaka usiku wa manane.

Nyumba za Musonoi zimejengwa kwa safu, kwa kipimo kimoja. Huo ni mpango wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906. Ilipotaka kuichimba shaba ya upande huu wa magharibi, iliianzisha Kolwezi mwaka 1937 kuwa makao ya migodi, ikaizungushia kambi za wafanyakazi. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikaitaifisha kampuni hiyo, ikazaliwa Gécamines, na hadi leo wazee wa kitongoji hiki huhesabu maisha yao kwa kampuni hizo mbili. Nyuma ya nyumba kumesimama milima ya kifusi iliyotolewa chini ya ardhi na kumwagwa juu. Shimo la mgodi wa T17 lilichimbwa karibu sana na makazi. Ukimwomba mtoto wa Musonoi akuelekeze njia, atakutajia shimo kabla hajakutajia barabara.

Mwenyeji wangu, baba mzazi wa rafiki yangu, ni mstaafu wa Gécamines. Jioni moja, baada ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, nililileta swali langu barazani. Alikuwepo yeye, binti yake anayefanya biashara ya vitenge na vyombo vya plastiki, na kijana wa jirani ambaye ni wewa, kama waitwavyo waendesha pikipiki za abiria huku. Nikawaambia: nataka njia ya usafiri wa umma, si gari la kukodi, na nataka niikute ndege.

Mzee alianza na treni.

“Zamani, mwanangu, ungepanda treni hapa Kolwezi, ukalala, ukaamka Lubumbashi. Kitanda kipo, chakula kipo.”

Hakuwa anatia chumvi. Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, mwaka 1910 ikitokea kusini, Rhodesia. Ikasogezwa kaskazini-magharibi kufuata madini. Mwaka 1931 tawi la Tenke lilifika Dilolo, mpakani na Angola, likakutana na reli ya Benguela, na shaba ya Katanga ikapata njia fupi ya kufika bandari ya Lobito kwenye Atlantiki. Kolwezi iko kwenye tawi hilo. Miaka ya 1950, wakati treni zetu za Tanganyika zinavutwa kwa mvuke, sehemu ya reli ya hapa ilikuwa tayari inatumia umeme wa maji. Vita vya Angola, vilivyoanza 1975, vikaifunga njia ya Lobito. Kwa upande wa Kongo reli ikabaki mikononi mwa shirika la taifa, SNCC, na uchakavu ukaingia.

“Papa,” binti yake akamkatiza, “treni ya kwanza ya shaba, ya pili ya shaba, ya tatu ya shaba. Mgeni atapanda ya ngapi?”

Mzee alicheka, ila hakubisha. Njia ya Lobito imeanza kuamka: mwishoni mwa 2023 shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ilipelekwa Lobito kwa reli kwa majaribio, na serikali za mbali zimeahidi fedha. Lakini wanaozungumziwa katika ahadi hizo ni madini. Abiria anajitafutia. Machi 2022, treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea Tenke iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, humu humu mkoani Lualaba, ikiwa imebeba mamia ya watu waliodandia mabehewa. Watu wasiopungua 75 walikufa. Haikuwa treni ya abiria hata kidogo. Watu waliipanda kwa sababu ndiyo iliyopita. Baada ya kukumbushana habari hiyo barazani palikuwa kimya kwa muda, na treni ikatoka kwenye orodha yangu.

Nikauliza kuhusu uwanja wa hapa hapa. Mbona nisiruke kutoka Kolwezi hadi Luano, nikashuka kwenye ndege moja na kupanda nyingine?

Uwanja wa Kolwezi una historia nzito kuliko ukubwa wake. Katanga ya Moïse Tshombe ilipojitenga na Kongo kati ya 1960 na 1963, ndege za kivita za Tshombe ziliruka kutoka hapa kwenda kushambulia majeshi ya Umoja wa Mataifa. Desemba 1962 ndege za Sweden, zilizokuwa chini ya Umoja huo, zikaja kuupiga. Kolwezi ndiyo ilikuwa ngome ya mwisho ya Tshombe, na ni hapa alipokubali Januari 1963 kwamba kujitenga kumekwisha. Miaka 15 baadaye, Mei 1978, waasi waliotokea Angola waliuteka mji, na makomando wa Ufaransa wa kikosi cha 2e REP wakashuka kwa miavuli tarehe 19. Kesho yake wanajeshi wa Ubelgiji walitua kwenye uwanja huo huo, wakaanza kuwaondoa Wazungu. Mzee alikuwa kijana wakati huo.

“Wao walikuwa na ndege,” alisema. “Sisi tulikuwa na kitanda cha kujificha chini yake.”

Siku hizi uwanja unahudumia safari za ndani na watu wa migodi. Tatizo langu lilikuwa la hesabu. Tiketi ya Kolwezi–Lubumbashi na tiketi yangu ya kwenda nyumbani zingekuwa mbili zisizojuana. Ya kwanza ikiahirishwa, ya pili hainingoji, wala sina wa kumdai. Juu yake kuna Go-Pass, ile tozo ya viwanja vya Kongo: kuna ya safari ya ndani na ya safari ya nje. Ningelipa zote mbili kwa ajili ya mruko mfupi ambao ukifutwa unanirudisha kwenye swali lile lile la barabara, tena nikiwa nimeshachelewa.

Binti wa mzee akaleta njia ya wafanyabiashara. Yeye huenda hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kununua bidhaa, na anawajua watu wanaovuka kwenda kupanda ndege Ndola. Zambia ilifungua uwanja mpya huko mwaka 2021, wenye jina la Simon Mwansa Kapwepwe. Wapo wanaoona nauli za kule zina nafuu. Nilipoitazama ramani nikaona kasoro yake: kutoka Kolwezi huwezi kufika Kasumbalesa kwa barabara hii bila kupita Lubumbashi. Yaani ufike mji wenye ndege yako, uupite, uendelee kilometa zisizopungua 90 hadi mpakani, upange mstari kwenye moja ya mipaka yenye malori mengi kuliko yote kusini mwa Afrika, ndipo utafute usafiri wa Ndola. Inamfaa mwenye biashara njiani. Mwenye begi na tiketi ya Luano haimhusu.

Zikabaki mbili: gari dogo na basi kubwa. Hapo ndipo mjadala ulipochemka.

“Papa, gari ndogo njo ya mbio,” alisema wewa.

“Mbio ya kwenda wapi?” binti akamjibu. “Ku kaburi?”

Gari dogo ni taksi ya pamoja, aghalabu Toyota yenye usukani wa kulia iliyotumika Japani, ingawa Kongo magari hupita kulia. Haina saa ya kuondoka; huondoka ikijaa, na kujaa maana yake ni watu wanne nyuma na wawili mbele pembeni mwa dereva. Faida yake ni kwamba ikishaondoka inaenda. Dereva analipwa kwa safari, hivyo kila lori lililo mbele yake ni pesa inayocheleweshwa. Na kwa kuwa usukani uko upande wa ukingo wa barabara, akitaka kulipita lori lazima atoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja ndipo aone kinachokuja. Mara nyingi anayeona kwanza ni abiria wa mbele, naye ndiye anayemwambia pita au ngoja.

Basi kubwa lina tiketi yenye namba ya kiti, ratiba ya asubuhi, buti la mizigo na kampuni yenye ofisi unayoweza kurudi kuilalamikia. Halikimbii. Likiharibika, abiria ni wengi mno kutelekezwa. Gari jingine litatumwa, hata kama ni jioni. Nauli yake ni ndogo kuliko ya taksi, na hulipwa kwa dola au kwa faranga.

Mzee ndiye aliyefunga shauri. Hakuniuliza napenda kipi. Aliniuliza ndege inaondoka lini. Nilipomtajia siku, alisema: “Basi usisafiri siku hiyo. Safari siku ya kabla. Ukishafanya hivyo, panda chochote.” Nikachagua basi, na usiku mmoja Lubumbashi.

Asubuhi ya safari ilinikumbusha kwamba niko kwenye nyanda za juu. Kolwezi iko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya kiangazi, Juni na Julai, alfajiri yake humtetemesha mtu wa pwani. Wewa wangu alilifunga begi kwa mpira mbele yake juu ya tangi, mimi nikakaa nyuma nimejifunika kitenge nilichopewa nyumbani, tukatoka Musonoi taa zikiwa bado zinawaka kwenye migodi. Malori ya mgodini nayo yalikuwa yameshaamka. Vumbi la huku ni jekundu na jepesi, na kabla hatujafika kituo cha mabasi nguo yangu ilikuwa imebadilika rangi.

Kituoni watu wa kupakia walinigombania kabla sijatua chini. Mmoja alikuwa ameshashika begi langu kulielekeza kwenye taksi. Nikamwonesha tiketi niliyokata jana yake, akaniachia bila kinyongo na kumgeukia mwingine. Hilo ni funzo la kwanza kwa mgeni: kata tiketi siku moja kabla, ofisini, upewe karatasi yenye namba. Kituoni alfajiri karatasi hiyo inakutetea kuliko mdomo wako.

Basi liliondoka likiwa limechelewa kidogo, baada ya mhubiri kutuombea na kupitisha kofia. Tukaacha Kolwezi na muda mfupi baadaye tukavuka mto Lualaba. Abiria wengi hawakuinua hata macho, lakini mimi nilisimama kuutazama. Huu ndio mto ambao David Livingstone aliufikia Nyangwe, mbali kaskazini ya hapa, mwaka 1871, akifikiri huenda ndio Nile. Miaka mitano baadaye Stanley aliufuata kwa msaada wa msafara wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na Agosti 1877 akatokea kwenye Atlantiki: ulikuwa mto Kongo. Hapa juu bado ni mdogo.

Baada ya mto, barabara ikawa ya malori. Nimeshapita barabara nyingi zenye malori, ila hapa basi letu ndilo lilikuwa mgeni. Yanayotoka Kolwezi hubeba bamba za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Kwa kuwa shaba ni nzito, mzigo huonekana mdogo katikati ya tela refu, na mtu asiyejua atadhani lori linaenda nusu tupu. Mengine hubeba mifuko mikubwa myeupe yenye kobalti. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya betri za simu na magari ya umeme, na sehemu kubwa yake hupita kwenye lami hii. Yanayoingia huleta salfa, tindikali, chokaa, dizeli na mitambo. Shaba hiyo inakwenda Durban, Walvis Bay, na kwetu Dar es Salaam.

Kila baada ya muda tulisimama kwenye peaji, kizuizi cha ushuru wa barabara, na kila peaji ina soko lake. Wanawake na watoto walikimbilia madirisha na mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, maji ya mifuko na viazi vitamu. Kati ya peaji moja na nyingine, magunia ya makaa yamesimama ukingoni yakiwa na majani mdomoni, mwenyewe hayupo. Ukitaka kununua piga honi, atatokea porini.

Tulipita Fungurume, mji uliokua juu ya moja ya hazina kubwa za shaba na kobalti duniani, inayochimbwa na Tenke Fungurume Mining, kampuni ambayo tangu 2016 mwenye hisa nyingi ni CMOC ya China. Mbele ya Fungurume, kwenye mteremko, basi lilisimama na safari hii hapakuwa na peaji. Lori lilikuwa limepinduka na kuziba njia. Dereva wa basi alizima injini, akashuka, akatazama mbele, akarudi na kukaa kivulini bila kusema neno. Abiria wakaelewa, wakashuka nao.

Foleni ya malori ilirefuka nyuma yetu mpaka ikapotea kwenye kona. Nikatembea kandokando yake, na haikuchukua muda nikaona namba ya gari inayoanza na T. Dereva alikuwa ametandika kirago chini ya tela, jiko la gesi limewashwa, chai inachemka. Nilipomsalimia, alinyanyua kichwa kwa mshtuko wa furaha.

“Kumbe mtu wa Bongo! Umefuata nini huku, kaka?”

Nikamweleza, akanipa kikombe. Alikuja na salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam, sasa anarudi na shaba. Njia yake ni Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, avuke Zambia nzima hadi Nakonde, aingie Tunduma, ndipo aanze kuhesabu mikoa ya nyumbani. Nikamuuliza atafika lini.

“Wewe utafika kesho,” alisema. “Mimi nitafika.”

Tukiwa tunakunywa chai nilimwambia kwamba sisi si watu wa kwanza wa upande wetu kuja kufuata shaba huku. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuja na misafara yao hadi Katanga. Mmoja wao, Msiri, alibaki, akajenga dola yenye mji mkuu Bunkeya, kaskazini ya barabara hii, na misafara yake ya shaba, chumvi, pembe na watumwa ilielekea pwani zote mbili, ya Hindi na ya Atlantiki. Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa sababu alikataa kuipokea bendera yake. Dereva alisikiliza, akamwaga masalia ya chai.

“Na yeye alipita Tunduma?” aliuliza, na sote wawili tukacheka.

Njia ilipofunguliwa, jua lilikuwa limeshapinduka. Ile taksi niliyotaka kupandishwa kituoni asubuhi, au iliyofanana nayo, ilikuwa kwenye foleni ileile, magari machache mbele yetu, abiria wake wamejikunyata kwenye kivuli chembamba cha gari lao. Haraka yote ya kilometa mia na zaidi ilikuwa imewaletea nafasi hiyo. Nilitazama saa na sikuwa na wasiwasi, maana ndege yangu ilikuwa ya kesho.

Likasi tulisimama kula. Wabelgiji waliuita mji huu Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa Union Minière, na bado una barabara pana zenye miti na nyumba zenye mabaraza marefu. Si mbali na hapa ndipo palipo Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Na ni hapa Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na askari wa Katanga kwa siku kadhaa mpaka wakaishiwa risasi na maji. Wenzao waliokuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la mto Lufira, na daraja hilo tulilivuka baada ya chakula. Ukiijua habari hiyo unaelewa kwa nini kwenye barabara hii daraja moja linatosha kuamua nani afike na nani asifike: njia ni moja, na haina mbadala.

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilometa 120 hivi. Zikiwa zimebaki kama 50, upande wa barabara kuna Shilatembo, eneo la kumbukumbu ya Patrice Lumumba. Basi halisimami. Abiria mmoja mtu mzima alivua kofia tulipopita, akaivaa tena bila kueleza.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipoona taa za Lubumbashi. Barabara ya Likasi huingia mjini kwa upande wa kaskazini-magharibi, na Luano iko kaskazini-mashariki, kwa hiyo anayetoka Kolwezi bado ana mji wa kuukata hata kama basi limeshamfikisha. Usiku, na begi mkononi, sikuona sababu ya kujaribu. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo, nikaoga vumbi la Musonoi, nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Asubuhi nilikuwa na chaguo la mwisho: taksi ya kukodi au kombi. Nilikuwa nimejiwekea sharti la usafiri wa umma, nikapanda kombi ya kupita komini ya Kampemba kuelekea upande wa uwanja. Kondakta alinitoza nauli ya watu wawili, mimi na begi, na sikulalamika kwa sababu begi kweli lilikuwa limekalia kiti. Niliachwa barabarani, nikamalizia kwa miguu. Kwa mtu mwenye mzigo mmoja inawezekana. Mwenye mizigo miwili au mtoto mgongoni, akodi taksi kwa kipande hiki tu; atakuwa ameshaokoa vya kutosha kwenye basi.

Luano ndiko ndege iliyomleta Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, ilikotua tarehe 17 Januari 1961. Usiku wa siku hiyo hiyo waliuawa. Abiria wa leo hupita hapo wakiwaza mambo madogo zaidi: Go-Pass, kadi ya homa ya manjano, begi kufunguliwa na kupekuliwa kwa mkono. Jambo jingine la kuangalia ni saa. Lubumbashi iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na saa moja mbele ya Kinshasa. Simu ya mgeni isiyojirekebisha yenyewe, ikiwa imeachwa kwenye saa za Kinshasa, itamfikisha uwanjani ndege ikiwa inafunga mlango.

Sasa hukumu yangu, kwa yeyote atakayetoka Musonoi, Kapata, Luilu au kitongoji kingine cha Kolwezi kwenda kupanda ndege Luano. Reli na barabara za ukanda huu ziliwekwa kwa ajili ya shaba, na mpaka leo shaba ndiyo yenye haki ya kwanza ya njia. Abiria hupita penye nafasi iliyobaki. Kwa hiyo usitafute chombo chenye kasi kuliko vyote, kwa sababu lori moja likilala barabarani vyombo vyote vinakuwa na kasi moja. Panda basi kubwa la asubuhi, kata tiketi yake siku iliyotangulia, beba maji na kitu cha kujifunika, weka dola za tozo kando ya pesa ya njiani. Ndege ya Kolwezi itumie ikiwa tiketi zote mbili zimekatwa pamoja, anayekusafirisha ni mmoja, na akichelewa jukumu ni lake. Ndola iache kwa wenye shughuli Zambia. Treni ya abiria idai kwa wenye mamlaka, maana reli ipo na watu wanaoihitaji tayari wanakufa juu ya mabehewa ya mizigo.

Na kabla ya yote hayo, lala Lubumbashi usiku mmoja. Kitanda cha nyumba ya wageni ni rahisi kuliko tiketi mpya ya ndege.